Una vitabu arobaini vya chesi na bado unapigwa: uanze na kipi, na unakisomaje

Swali kwa kifupi ni hili. Msomaji anajua kete zote zinavyotembea, anacheza mtandaoni karibu kila siku na anapigwa mara nyingi kuliko anavyoshinda. Rafiki yake kamtumia folda ya vitabu vya chesi, PDF arobaini na kitu, akachagua My System ya Aron Nimzowitsch maana kila mtu anaisifia, kafika kama ukurasa wa thelathini, anasema maneno anayaelewa ila akirudi kucheza hakuna kinachobadilika. Anauliza: mwalimu, nianze na kipi, ninunue kingine au hivi vinatosha, na je mnavisomaje hivi vitabu maana mimi nasoma kama riwaya?

Mdogo wangu, hiyo sehemu ya mwisho ndo kubwa kuliko zote, ningekuwa na nafasi ya kujibu kitu kimoja tu ningejibu hiyo. Kitabu cha chesi hakisomwi, kinafanyiwa kazi, kama kitabu cha hesabu vile. Unaweza ukapitia kurasa mia tatu kitandani, ukakubaliana na kila sentensi, na kesho yake ukaacha malkia analiwa bure hatua ya nane, kwa sababu kukubaliana na mwandishi na kuona mwenyewe ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwahiyo ntakwambia vitabu, majina ntakupa, lakini naomba usikimbilie majina ukaruka maelezo ya namna ya kuvisoma, maana hata kitabu bora kuliko vyote kikisomwa kama riwaya kinakuacha palepale.

Kwanza tuifunge hiyo folda. Sio kwamba ni vibaya, tatizo vitabu arobaini ni mashaka arobaini, ukikwama kidogo kwenye kimoja unaruka kingine, na sehemu unayokwama ndo hasa sehemu ya kujifunza. Chukua kimoja cha mazoezi na kimoja cha michezo iliyoelezewa, basi, vingine uvisahau mpaka hivi viwili viishe.

Sasa utajuaje kitabu kinakufaa? Usiangalie jalada wala sifa za mwandishi, wengi wa mabingwa wakubwa waliandika wakiwa wanaongea na wachezaji wenye nguvu. Fungua katikati. Kama ni cha mazoezi chukua michoro kumi, kila mmoja jipe dakika moja au mbili bila kusogeza kete, ukipata saba au nane kiko kwenye kiwango chako, ukipata zote kumi ndani ya sekunde chache kitakusaidia kujipasha tu, ukipata mbili au tatu kiweke pembeni bila kuona aibu maana hapo utakuwa unasoma majibu, hausomi chesi. Kama ni cha maelezo angalia maneno ni mengi kiasi gani ukilinganisha na mistari ya hatua. Kitabu cha anayeanza kinakuambia kwanini farasi kaenda f3 (yaani chumba cha safu ya f, mstari wa 3) na kwanini hakwenda kwingine, na kina mchoro kila baada ya hatua chache. Ukikuta nusu ukurasa ni namba na herufi zimebanana, mabano ndani ya mabano, kisha neno moja tu mwishoni kwamba mweupe yuko vizuri, hicho kinamwongelesha mtu ambaye tayari anajua kwanini yuko vizuri.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujapoteza hela au muda ni jinsi hatua zinavyoandikwa. Vitabu vingi vya Kiingereza vya zamani vinatumia mfumo wa maelezo, utakuta P-K4, N-KB3, na kila mchezaji anahesabu kutokea upande wake, yaani chumba kilekile cha e4 kwa mweupe kinaitwa K4 na kwa mweusi kinaitwa K5. Ni mfumo unaojifunzika, lakini kwa anayeanza ni mzigo juu ya mzigo, na FIDE yenyewe, shirikisho la chesi la dunia, iliacha kuutambua mwaka 1981, sasa hivi kila sehemu ni e4, Nf3, Bc4. Vitabu vingi vizuri vya zamani vimechapwa upya kwa mfumo wa sasa kwahiyo tafuta toleo jipya. Na kwenye herufi usichanganyikiwe, farasi ni N kwa sababu K imeshachukuliwa na mfalme, na ukikutana na kitabu cha Kijerumani utaona S badala ya N, D badala ya Q ya malkia. Siku hizi vingine vinachora picha ya kete badala ya herufi, hivo havina shida kwa lugha yoyote.

Haya, cha kwanza. Kiwango chako mimi ningeanzia kwenye mazoezi, michoro mingi, rahisi, ya kuua mfalme na ya kula kete zilizoachwa bure. Sababu ni kwamba michezo ya wanaoanza haiamuliwi na mipango mirefu ya katikati ya ubao, inaamuliwa na nani kaona kete iko wazi na nani hajaona. Nimepitia michezo mingi ya wanafunzi wanaoanza na hadithi ni ileile, farasi anapiga mfalme na malkia kwa mpigo mmoja, kete imebanwa mbele ya mfalme wake na mwenyewe anadhani inalinda, mfalme amefungiwa na askari wake mwenyewe f7, g7, h7 halafu ngome inashuka mpaka e8 na mchezo umeisha. Hayo ukiyaona bila kufikiri tayari wewe ni mchezaji mwingine.

Na kuona bila kufikiri kunatokana na kurudia. Kuna utafiti maarufu wa William Chase na Herbert Simon wa mwaka 1973, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde kama tano hivi halafu wakawaambia waupange upya kwa kumbukumbu. Master, yaani mchezaji wa kiwango cha juu, aliupanga vizuri mno kuliko anayeanza pale ambapo kete zilitoka kwenye mchezo wa kweli, ila kete zilipotawanywa ovyo ovyo yule master akawa karibu sawa na anayeanza. Maana yake master hana kichwa cha ajabu cha kukumbuka, ana maelfu ya maumbo aliyoyaona mara nyingi mpaka akiyaona tena anayatambua kama sura ya mtu anayemfahamu. Ndo maana nasisitiza michoro mingi rahisi kuliko michache migumu, unajenga hiyo hazina ya sura.

Majina sasa. Kama unataka kitu chepesi cha kuanzia kabisa, Bobby Fischer Teaches Chess ya mwaka 1966 ni nzuri, inakuuliza swali, unajibu, unageuza ukurasa unaona jibu, haikudai hata ujue kuandika hatua, na sehemu kubwa ni kuua mfalme kwenye mstari wa mwisho. Unaimaliza haraka, wiki au chini ya hapo, na wengine wanalalamika kwamba ni fupi na haifundishi mambo mengi, kweli haifundishi mengi lakini hilo moja inalifundisha mpaka linakaa. Ukishaimaliza kuna lile dubwana la kitabu la László Polgár, baba wa mchezaji maarufu Judit Polgár, lina mazoezi 5334 na lilitoka 1994. Usiogope ukubwa wake. Mazoezi 306 ya mwanzo ni chekimeti ya hatua moja, anza nayo hayo, yote, halafu ingia kwenye ya hatua mbili ambayo ndo yamejaa zaidi ya nusu ya kitabu, huna haja ya kuyamaliza, fanya kumi au kumi na tano kwa siku na uendelee na maisha. Upungufu wake ni kwamba karibu yote ni kuua mfalme, kwahiyo kula kete bure, kubana na kupiga mbili kwa mpigo itabidi uvipate sehemu nyingine, na hapo tovuti kama Lichess ina mafumbo bure yaliyopangwa kwa mada, chagua mada moja kwa wiki nzima badala ya kuchanganya.

Namna ya kuyafanya: usiguse kete. Angalia kwanza cheki zote zilizopo, kisha kete zote unazoweza kula, kisha vitisho. Tafuta jibu, tafuta na jibu la mpinzani, yaani yule mweusi atafanya nini hasa, sio unachotaka wewe afanye. Andika jibu lako kwenye daftari kabla hujaangalia nyuma ya kitabu, kuandika kunakuzuia kujidanganya kwamba "aa hiyo niliiona". Ukikosa weka alama, na ukimaliza kundi la mazoezi rudi ufanye yale yenye alama tu, baada ya wiki chache rudia kundi lote tangu mwanzo. Mara ya pili utaenda kasi mpaka utashangaa, na hiyo kasi ndo tulichokuwa tunakitafuta, kwahiyo mtu akikwambia kurudia kitabu kilekile ni kupoteza muda usimsikilize.

Kitabu cha pili, cha michezo iliyoelezewa. Hapa pendekezo langu ni Logical Chess: Move by Move ya Irving Chernev, 1957, michezo 33 na kila hatua, kila moja bila kuruka, imepewa maelezo. Ina kasoro, Chernev anapenda kumfanya mshindi aonekane hakukosea popote, na amesisitiza mno hatari ya kusogeza askari walio mbele ya mfalme mpaka wasomaji wengine wanaogopa kucheza h3 hata pale inapofaa. Bado kwa kiwango chako sijaona chenye faida kuizidi, kwasababu inakuzoesha kuuliza "kwanini" kila hatua.

Hapa ndo nataka uniskilize kwa makini maana kusoma mchezo ulioelezewa ndo wengi wanakosea. Chukua ubao wa kweli kama unao, au fungua ubao mtupu kwenye simu, na injini, yaani programu inayokuonyesha hatua bora, uizime. Chagua upande wa aliyeshinda. Funika ukurasa kwa karatasi. Kila inapofika zamu ya mshindi simama, chagua hatua yako, itamke, sema na sababu, ndo ufunue uone yeye kacheza nini. Mkilingana soma maelezo uone kama na sababu zililingana. Msipolingana, hapo ndo penye utajiri, jaribu kutafuta mwenyewe kwanza kwanini yake ni nzuri kuliko yako kabla ya kusoma.

Nikupe mfano uone inavyokuwa. Kuna mchezo wa Paul Morphy, Mmarekani hodari wa enzi zake, Paris mwaka 1858, kwenye jumba la opera, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wanashauriana. Umeisha hatua 17 tu. Unaanza e4 e5, farasi f3, mweusi d6, mweupe d4, mweusi anapeleka askofu g4 kumbana yule farasi. Simama hapo. Wewe ungefanyaje? Morphy alikula e5 kwa askari. Jiulize mweusi akila tu kwa askari wa d6 kitatokea nini: malkia kwa malkia wanabadilishana pale d8, mfalme mweusi analazimika kula, na sasa farasi hajabanwa tena kwa sababu malkia hayupo nyuma yake, anakula e5 bure. Ndo maana mweusi ikabidi kwanza amle yule farasi kwa askofu wake. Malkia wa Morphy akala f3, mweusi akala e5, askofu mweupe akaenda c4 na tayari malkia na askofu wote wanaitazama f7, wanatishia chekimeti hapo, mweusi akaziba kwa farasi f6. Malkia akaenda b3, anapiga f7 na b7 kwa pamoja, mweusi akajibu malkia e7 kulinda f7.

Simama tena. Askari wa b7 yuko wazi, karibu kila mwanafunzi anamla. Morphy hakumla, akatoa farasi c3. Kabla hujaendelea kaa hapo dakika tano na ubao. Ukimla b7, mweusi anacheza malkia b4 na ni cheki, malkia wanabadilishana, wewe umebaki na askari mmoja zaidi na bado uko vizuri tu, lakini shambulizi limekwisha. Morphy alikuwa na kete nyingi nje kuliko mpinzani na mfalme mweusi bado kasimama katikati, akaona bora alete kete nyingine vitani. Hatua chache mbele akatoa farasi, akatoa ngome, mwishoni akatoa na malkia kule b8, na ngome ya mwisho ikaua mfalme pale d8 ikilindwa na askofu wa g5. Angalia ubao mwisho kabisa: askofu mweusi wa f8 na ngome ya h8 havijasogea hata mara moja mchezo mzima. Sasa ukiambiwa "toa kete zako mapema" huo sio wimbo tena, umeona ulipaji wake kwa macho.

Mchezo mmoja kwa namna hii unaweza kukuchukua saa nzima. Sawa kabisa. Mmoja au miwili kwa wiki inatosha sana, na ukiumaliza jaribu kuurudia kwa kichwa bila kitabu, sio kwa kukariri, kwa kukumbuka sababu, ukikwama ujue sababu ya hatua hiyo haikukuingia. Ukishamaliza hayo yote ndo uwashe injini kama unataka, na uiulize swali maalum, mfano "ile hatua yangu ilikuwa na ubaya gani", sio kuangalia namba zinavyopanda na kushuka.

Mwisho wa mchezo, yaani kete zikibaki chache, huhitaji kitabu kizima sasa hivi. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alianza kitabu chake Chess Fundamentals cha 1921 na chekimeti rahisi za ngome na malkia kisha askari na mfalme, na kitabu hicho kipo bure kihalali Project Gutenberg. Sura ya kwanza pekee ina vitu vya kukutosha muda mrefu. Mfano mmoja wa kukuonjesha: mfalme mweupe e4, askari wake e3, mfalme mweusi e6. Kama zamu ni ya mweupe ni sare, kama ni ya mweusi mweupe anashinda, kete hizohizo vyumba vilevile tofauti ni zamu tu. Sasa mrudishe askari e2 na zamu iwe ya mweupe, anacheza e3 na tayari zamu imehamia kwa mweusi, anashinda. Hebu panga ubaoni ucheze pande zote mbili mpaka uamini. Ukipenda kitabu kilichopangwa kwa viwango, Silman's Complete Endgame Course kinakuambia wazi reitingi yako, yaani namba ya kiwango chako, ikiwa hivi soma mpaka hapa halafu ukacheze kwanza, na nakuomba umtii, usiruke mbele.

Vitabu vya ufunguzi ntavipita haraka. Usinunue. Wapinzani wako wataacha kitabu hatua ya nne au ya tano na wewe utabaki na kurasa mia nne za vitu ambavyo havitokei ubaoni kwako. Pigania katikati, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme, na kila mchezo ukiisha angalia ni hatua gani ulianza kupotea, ukiona ni palepale kila mara ndo ukatafute jibu la hapo tu. Na kuwa mwangalifu na vitabu vinavyouzwa mtandaoni vyenye majina ya kuahidi ushindi wa haraka, vingine michoro yenyewe imekosewa, mchunguze mwandishi kama ni mchezaji au mwalimu anayejulikana kabla ya kutoa hela.

Muda ugawe hivi, kwa mtu mwenye kazi na familia: dakika ishirini za mazoezi kila siku, hata siku umechoka, maana hizo ndo hazitakiwi kukatika, mchezo mmoja ulioelezewa mwisho wa wiki, na ucheze michezo mirefu michache yenye angalau dakika kumi na tano kila upande badala ya ile ya dakika tatu tatu ambayo haikupi nafasi ya kutumia ulichosoma. Kila uliyopoteza ipitie mwenyewe, andika kwenye daftari sentensi moja tu, "sikuona askofu wa mbali" au "nilikula bila kuangalia cheki". Zikifika ishirini soma zote kwa mpigo, daftari litakuonyesha udhaifu wako ulipo na zoezi lako la mwezi unaofuata.

Na My System usiifute. Nimzowitsch aliiandika 1925 na bado ina mambo makubwa, imekujia mapema tu, inaongelea jinsi ya kukuza faida ndogondogo wakati wewe bado kete nzima zinaondoka bila wewe kuona. Ukifika mahali ambapo daftari lako halina tena kete zilizoachwa bure, sababu za kupoteza zimekuwa za aina ya "sikujua nifanye nini", ifungue tena. Ukiifungua usianze ukurasa wa thelathini ulipoachia, nenda kwenye sura ya ngome kwenye mistari iliyo wazi na ile ya mstari wa saba, hizo zinaingia haraka, ya minyororo ya askari iache ya mwisho.